Bomu Lililotegwa Miaka 38 Baadaye: Kisa cha Hindenburg Kugeuzwa Filamu ya Taharuki

Anayekata tiketi kutazama filamu ya Hindenburg anajua kitakachotokea. Picha ya ile meli ya anga ikiteketea, mkia umeshaanguka na pua bado inaelekea mawinguni, ameiona magazetini, vitabuni, hata kwenye jalada la santuri. Hakuna siri iliyobaki. Sasa mpe mwandishi wa filamu kazi ya kumkalisha mtu huyo kitini kwa saa mbili roho ikiwa juu. Atamfanyaje?

Studio ya Universal ilijibu swali hilo mwaka 1975 kwa kuweka bomu. Uamuzi huo ndio kisa chenyewe, na nimeuchagua kwa sababu ulizaa mambo ambayo ni nadra kukutana mahali pamoja: filamu ya bajeti nene, kesi iliyofika Mahakama ya Rufani ya Marekani, na marehemu mmoja aliyebebeshwa vifo vya watu 36, yeye mwenyewe akiwemo. Msimamo wangu nautoa mapema. Bomu halikuhitajika. Tukio lilikuwa na saa yake inayohesabu, kali kuliko ile iliyotungwa.

Kilichotokea Lakehurst

LZ 129 Hindenburg ilikuwa na urefu wa mita 245. Ndani ya kiunzi chake cha duralumini, aloi nyepesi ya alumini, kulikuwa na mifuko 16 iliyobeba takribani mita za ujazo 200,000 za haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Walioisanifu walikusudia itumie heliamu, ambayo haiwaki, lakini heliamu ya kutosha ilipatikana Marekani tu na sheria ya huko ilizuia kuiuza nje. Jioni ya Mei 3, 1937 iliondoka Frankfurt ikiwa na abiria 36 na wafanyakazi 61. Vyumba vingi vilikuwa vitupu, ila safari ya kurudi ilikuwa imejaa, maana watu walitaka kuwahi kutawazwa kwa Mfalme George VI huko London, Mei 12. Hili la safari ya kurudi liweke akilini.

Ilitakiwa ifike Lakehurst, New Jersey, Mei 6 saa 12 asubuhi. Pepo za mbisho juu ya Atlantiki zikaichelewesha nusu siku nzima. Alasiri ikapita juu ya Manhattan, ikafika Lakehurst, ikakuta radi, ikageuza kwenda kuranda pwani mpaka kutulie. Jioni Charles Rosendahl, mkuu wa kituo hicho cha wanamaji, akatuma ujumbe kwa simu ya upepo kwamba hali sasa inafaa. Nahodha Max Pruss akarudi.

Kuanzia hapo inafaa kwenda polepole. Upepo ulibadilika wakati chombo kinakaribia uwanja, na Pruss akakata kona kali ili kielekee mlingoti wa kufungia. Mkia ulikuwa mzito kupita kawaida. Wakamwaga kilo 1,100 za maji ya kusawazisha uzito, kwa awamu tatu, na bado mkia haukukaa sawa, ndipo watu sita wakaamriwa waende puani ili uzito wao usaidie. Saa 1:21 kamba za kutulia zikaangushwa kutoka mita 90 hivi juu. Kulikuwa na manyunyu. Chini, watu zaidi ya 200 walizikimbilia. Saa 1:25 moto ukaonekana juu ya mgongo wa chombo, karibu na mkia. Ndani ya sekunde 34 hivi kilichokuwa angani kilikuwa chuma chekundu juu ya mchanga.

Mkia ulipoanguka kwanza, pua ilibaki juu, na chombo kizima kikawa bomba la moshi: moto ulipanda kupitia katikati kuelekea mbele. Wengi wa waliokuwa puani hawakutoka hai. Hesabu ya mwisho ilikuwa vifo 35 vya waliokuwamo na kimoja cha mfanyakazi wa uwanjani. Watu 62 walinusurika, jambo ambalo picha zenyewe haziwezi kumfanya mtu aliamini.

Serikali ya Marekani ilichunguza kupitia Wizara ya Biashara, na taarifa ikatoka mwaka huohuo. Ilisema kinachoelekea zaidi kuwa chanzo ni haidrojeni iliyovuja, ikachanganyika na hewa, ikawashwa na umeme tuli. Ushahidi wa hujuma haukupatikana. Tume ya Wajerumani haikwenda mbali na hapo.

Bomu lilitoka wapi

Itakuwa si haki kusema Universal walilitoa bomu hewani. Habari za hujuma zilikuwapo tangu usiku ule. Hugo Eckener, mzee wa zepelini, yaani meli za anga za Kijerumani kama Hindenburg, aliyekuwa Graz nchini Austria kwa ajili ya mhadhara, aliamshwa kwa simu ya mwandishi wa habari na akasema hujuma inawezekana, kauli aliyoiacha baadaye. Rosendahl aliamini hujuma. Pruss, aliyetoka motoni akiwa ameungua vibaya, aliishikilia hadi alipofariki mwaka 1960. Kabla ya safari, mwanamke mmoja wa Milwaukee alikuwa ameuandikia ubalozi wa Ujerumani barua ya kuonya kuhusu bomu.

Mwaka 1962 A. A. Hoehling alitoa kitabu kilichompa mhujumu jina: Eric Spehl, fundi kijana aliyekuwa akishughulikia kitambaa na mifuko ya gesi. Hoja zake zilikuwa hizi. Moto ulianzia karibu na mfuko namba 4. Kazi za Spehl zilimpeleka sehemu hizo. Mpenzi wake alihusishwa na wapinzani wa Nazi. Kwenye mabaki iliokotwa betri kavu. Na kulikuwa na uvumi uliotokana na upelelezi wa Gestapo, polisi wa siri wa Nazi, mwaka 1938. Ukizitazama moja moja, kila hoja ina maelezo mengine ya kawaida kabisa. Fundi wa mifuko ya gesi atakuwa wapi kama si kwenye mifuko ya gesi? Ila ukizipanga mstari mmoja zinaanza kunong'ona, na waandishi wa filamu wana masikio makali kwa minong'ono.

Miaka 10 baadaye Michael Mooney akatoa kitabu chake chenye mhujumu huyohuyo, kilichoandikwa kwa mtindo wa hadithi zaidi. Universal wakanunua haki za kitabu cha Mooney. Nelson Gidding akaandika mswada, Robert Wise akaongoza. Spehl akageuzwa Boerth. Kanali Fritz Erdmann, ofisa halisi wa jeshi la anga la Ujerumani aliyefia ndani ya chombo, akageuzwa Kanali Ritter, akachezwa na George C. Scott kama mpelelezi anayemtafuta mtega bomu.

Bomu lilimpa nini mwandishi

Tuwe wakweli: lilimpa vingi. Lilimpa mpelelezi, orodha ya washukiwa, na saa ya mkononi ambayo kamera inaweza kuirudia. Abiria kila mmoja akawa na sababu ya kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mmoja wao alikuwa mwanasarakasi Joseph Späh, ambaye katika maisha halisi alichunguzwa na FBI kwa sababu wakati wa safari alikuwa akienda sehemu ya nyuma ya chombo kumlisha mbwa wake. Hawakumpata na kosa. Kwa filamu ya upelelezi, mwanasarakasi anayejua kupanda popote na mwenye mbwa mkiani ni zawadi kutoka mbinguni, na hakuna aliyelazimika kuitunga.

Kuna mshono mmoja wa mswada ninaouheshimu kweli. Boerth si muuaji. Anataka chombo kilipuke uwanjani, abiria wakiwa wameshashuka, ili fahari ya Nazi iungue bila kumwaga damu. Radi ndiyo inayomharibia hesabu: kila saa moja ya kuranda pwani inaisogeza mishale ya bomu karibu na watu walio hai. Hapo hali ya hewa, kitu halisi kilichotokea siku ile, inakuwa adui wa pande zote mbili. Huo ni ufundi.

Tatizo liko kwa mpelelezi. Mtazamaji anajua tangu bango la nje ya ukumbi kwamba Ritter atashindwa. Kila mlango anaoufungua, kila mshukiwa anayembana, mtazamaji anauona kama kazi bure. Taharuki ya nani-kafanya inahitaji matumaini kwamba atakamatwa kwa wakati. Ukiyaondoa matumaini hayo mwanzoni, unabaki na mtu anayezungukazunguka korido, na saa mbili ni nyingi kwa korido. Zaidi ya hapo bomu linaminya watu wengine wote: abiria wanaacha kuwa wasafiri na kuwa washukiwa, na mshukiwa ukishamwondolea shaka huna tena cha kumfanyia. Ndiyo maana moto unapowaka, wengi wao tunawaona wakikimbia bila kuguswa sana. Tulikuwa tunawapeleleza, hatukuwa tukiishi nao.

Kesi

Hoehling alipoona mhujumu wake kwenye skrini kubwa bila kulipwa alikwenda mahakamani, akiwashitaki Universal pamoja na Mooney kwa kuingilia hakimiliki yake. Shauri lilimalizikia Mahakama ya Rufani mwaka 1980, na hukumu iliyoandikwa na Jaji Irving Kaufman bado hufundishwa kwa wanafunzi wa sheria.

Alishindwa, na namna alivyoshindwa inafaa kutazamwa kwa karibu. Kitabu chake kilijinadi kama historia: hivi ndivyo ilivyotokea. Mahakama ikaona kwamba nadharia ya Spehl ni tafsiri ya matukio ya kihistoria, na tafsiri ya aina hiyo haimilikiwi na mtu. Yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuisimulia kwa maneno yake. Vinginevyo, nani angethubutu kuandika juu ya jambo ambalo mwenzake ameshalieleza? Alipolalamika pia kuhusu onyesho la wafanyakazi wakinywa bia kabla ya safari, salamu za "Heil Hitler" na wimbo wa taifa wa Ujerumani, aliambiwa kuwa hizo ni desturi za simulizi yoyote ya mahali na wakati ule. Huwezi kuonyesha Ujerumani ya 1937 ukavikwepa.

Kwa waandishi wa filamu hukumu hiyo ni lango lililofunguliwa wazi, nami naiona ya haki. Lakini itazame kutoka upande wa Spehl. Hoehling alikuwa na mahakama ya kumsikiliza. Universal walikuwa na mawakili. Marehemu hana pa kwenda, kwa sababu sheria ya Marekani kwa ujumla haimruhusu mfu kudai kwamba amechafuliwa jina. Kubadilisha Spehl kuwa Boerth kulimpa heshima ya juujuu tu, maana chombo kilibaki na jina lake, tarehe ilibaki, kazi yake ilibaki ileile, na kitabu kilichonunuliwa kilimtaja waziwazi. Wapo watu leo wanaosema kwa uhakika kwamba Hindenburg ililipuliwa na fundi mmoja. Hawajasoma taarifa ya Wizara ya Biashara. Wameona filamu, au wamesimuliwa na aliyeiona.

Sekunde 34 zinapanuliwaje

Wise alianza kazi kama mhariri wa filamu, na sehemu ya mwisho ndipo uhariri unapoonekana. Karibu filamu yote ni ya rangi hadi cheche inaporuka. Hapo picha inageuka nyeusi na nyeupe, ili filamu halisi za habari za mwaka 1937 zishonwe pamoja na waigizaji bila mshono kuonekana. Zile sekunde 34 zinakatwa vipande, katikati ya kila kipande anaingia mtu na dirisha lake au ngazi yake, na zinakuwa dakika kadhaa. Tuzo maalumu za Oscar ambazo filamu ilipata, kwa madoido ya picha na ya sauti, zilistahili. Mfano wa chombo uliotumika, wa urefu wa mita 7 na ushee, ulipelekwa baadaye kwenye jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian.

Ila kuna jambo ambalo uhariri huo unalifunika. Kamera za habari zilizokuwa Lakehurst hazikunasa cheche ya kwanza. Zilikuwa zikitazama kwingine, zikainuliwa moto ulipokwishaanza. Hata sauti ya Herbert Morrison, mtangazaji wa WLS ya Chicago, ile inayokatika kwa kilio, haikurushwa moja kwa moja. Ilinaswa kwenye santuri, ikasikika redioni siku ya pili, na ikabandikwa juu ya picha baadaye sana. Tunachodhani tumekiona na kukisikia kwa pamoja ni kazi ya wahariri. Mahali palepale ambapo hakuna jicho la kamera, filamu ikaweka bomu. Pengo lilikuwa dogo, la sekunde chache, lakini lilitosha kumpitisha mhujumu.

Saa iliyokuwapo tayari

Nirudi kwenye dai langu. Kati ya kamba kuangushwa na moto kuonekana kuna dakika 4. Dakika hizo zimewasumbua wachunguzi miaka yote: kama umeme tuli ndio uliowasha, kwa nini haukuwasha pale kamba zilipogusa ardhi? Mwaka 2021 Konstantinos Giapis wa Caltech, chuo kikuu cha teknolojia cha California, alifanya majaribio ya maabara na kueleza kwamba kamba zilizolowa zilikiunganisha kiunzi na ardhi huku kitambaa cha nje, kilichotenganishwa na kiunzi, kikiendelea kukusanya chaji taratibu hadi kufikia kiwango cha kurusha cheche. Ikiwa ndivyo, basi walioshika kamba, kwa kuzishika tu na kufanya kazi yao vizuri, walikuwa sehemu ya mzunguko wa umeme.

Mwandishi wa taharuki anataka nini zaidi? Hiyo ni saa inayohesabu ambayo hakuna hata mmoja ndani ya hadithi anayeijua, na anayeijua ni mtazamaji peke yake. Abiria wako madirishani wakitafuta nyuso za jamaa zao chini. Watu sita wanatembea kuelekea puani kwa sababu wameamriwa. Mtumishi wa miaka 14 yuko kazini. Ataokolewa na tangi la maji litakalopasuka juu yake. Hakuna mbaya wa kukamatwa, kwa hiyo hakuna anayepoteza muda kwenye korido. Na nyuma ya amri ya kutua kuna shinikizo la kibinadamu kabisa: saa 12 za kuchelewa, chombo kilichojaa abiria wa kurudi wanaosubiri, sherehe ya London isiyosubiri mtu.

Mwandishi huyo angejizuia tu asirembe. Piano ya alumini iliyokuwa maarufu mwaka 1936, kwa mfano, ilikuwa imeshaondolewa kabla ya safari hii, ingawa kila mwandishi angeipenda iwepo. Badala yake kuna chumba cha kuvutia sigara: kilichotengwa kwa milango miwili, hewa yake ikisukumwa kuwa nzito kuliko ya nje ili haidrojeni isipenye, na ndani kuna kiwashio kimoja cha umeme kwa wote. Watu wakivuta sigara kwa utulivu chini ya mita za ujazo 200,000 za gesi ile, nao wako salama kabisa pale. Mwelekezi asiyejua kulitumia onyesho hilo abadilishe kazi.

Na kama studio ingesisitiza kwamba lazima pawe na wawili wanaogongana, wapo, na wala hawahitaji kubadilishwa majina. Eckener alivuka bahari kwenda kutoa maelezo mbele ya tume. Baada ya kuachana na wazo la hujuma, alieleza kwamba kona ile kali huenda ilikata waya wa kukaza kiunzi, waya ukachana mfuko, gesi ikavuja. Nani alikata kona? Pruss, mtu aliyelelewa kwenye zepelini za Eckener, ambaye wakati huo alikuwa na majeraha ya moto mwilini. Kwa hiyo bomu, kwa Pruss, halikuwa nadharia ya kufurahisha. Bila bomu, swali lilikuwa linarudi kwenye usukani wake.

Hapo kuna filamu nyingine kabisa: mzee anayepaswa kuieleza tume anachokiamini, akijua kitamwangukia nani, na nahodha anayehitaji mhujumu awepo. Spehl angekuwemo pia, lakini kama jina linalotajwa na watu wenye sababu ya kulitaja, na mtazamaji angeachiwa apime mwenyewe sababu hizo.